Haielekei

Katika taasisi ile watu walilipwa kwa kufikiri, na kwa kuwa kufikiri hakuonekani kwa macho, ilibidi wakae vikao. Kikao cha siku hiyo kilikuwa cha neno moja. Mtafiti mwandamizi wa sera za nje, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Kamusi, alikuwa ameandika kwamba huenda vita vikazuka nchi jirani, katika mji wa mpakani ulio ng'ambo ya mto, kabla mwezi haujaisha. Mhariri wa taasisi, ambaye kila mtu alimwita Makasi na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini, hakulitaka neno "huenda".

Ili kuuelewa ugomvi wenyewe inabidi kwanza uijue Ngazi. Ngazi ilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani katika kila ofisi, yenye maneno matano kutoka chini kwenda juu: haiwezekani, haielekei, huenda, yaelekea, hakika. Kila neno lilikuwa na kipimo chake, ili waziri asome kile kile ambacho mtafiti alikusudia. Huenda maana yake nusu kwa nusu. Haielekei maana yake robo, yaani jambo linaweza kabisa kutokea, ila wewe usikeshe ukilingoja. Maneno ya huku mwisho na kule mwisho hayakuwahi kutumika. Yalikaa pale kama vyombo vya wageni kabatini, maana mtafiti akisema hakika halafu akakosea, amekwisha, na wote mle ndani walikuwa na watoto wa kusomesha.

"Tukiandika huenda, mawaziri watakurupuka," alisema Makasi. "Halafu wafadhili watatuuliza ushahidi uko wapi."

"Upo ukurasa wa sita," Kamusi alijibu. "Hospitali ya jeshi imewatoa wagonjwa vitandani, imewarudisha makwao. Vitanda hivyo wanamtandikia nani?"

"Labda wanapaka rangi."

Mtu mmoja alicheka. Mkurugenzi akaitazama saa yake, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa kinapoa chumba cha pili na harufu ilishaingia kikaoni bila kualikwa. "Jamani, tusitoane macho," alisema. "Tushuke kipandio kimoja, tuandike haielekei. Hatujakana, hatujakubali. Kamusi, unasemaje?"

Zamani Kamusi angesimama. Miaka ya mwanzo alikuwa mtu wa kupigania hata mkato, na aliwahi kulia chooni kwa sababu ya aya iliyofutwa. Lakini kazi ilikuwa imemzoesha mengi. Alishajifunza kusoma idadi ya waliokufa huku akitafuna mkate, kisha akafuta makombo kwenye karatasi na kuendelea. Haikumuuma. Hiyo ndiyo hali aliyofikia, na hakuionea hata haya.

"Sawa," alisema, akalibadilisha neno papo hapo, wakaenda kula.

Alasiri hiyohiyo mdogo wake alipiga simu. Huyu mdogo wake alikuwa fundi friji, alioa ng'ambo ya mto na kuhamia hukohuko, na karakana yake ilikuwa katika mji uleule wa mpakani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wifi yangu hajambo? Mtoto je?"

"Wote hatujambo. Dada, nina swali, na leo usinizungushe. Huku watu wameanza kufunga mizigo. Wifi yako naye hana amani, anataka tuje kwa mama na mtoto mpaka tuone mambo yanakwendaje. Na mimi hapa nina friji za watu zimefunguliwa matumbo. Hii si ndiyo kazi yako? Hebu niambie, kutachafuka au hakutachafuka?"

Kamusi alikuwa kwenye kiti chake kilekile. Ripoti ilikuwa wazi kwenye kompyuta, na neno jipya lilikuwa limekaa mahali pake kama lililozaliwa pale.

"Haielekei," alisema.

"Basi!" Mdogo wake akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Ningejua ningekupigia juzi. Huyu mwanamke angeacha kuninyima usingizi."

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimyakimya, bila hata mtu kupandisha sauti. Nyumbani kwao, haielekei halikuwa neno la robo. Lilikuwa neno la mama yao. Ukiomba kwenda kulala kwa rafiki, ukiomba viatu vingine wakati ulivyonavyo havijatoboka, mama alisema "haielekei", na ukirudia kuuliza unatafuta makofi. Mdogo mtu alilisikia neno kwa sikio la nyumbani. Dada mtu alikuwa amelitamka kwa mdomo wa ofisini. Na kama ni kweli ya moyoni mwake, wala haikuwa hiyo robo. Moyoni bado aliamini huenda, tena ile huenda ya kuelekea juu.

Alihisi kitu baada ya kukata simu. Kilikuwa kidogo, mfano wa mtu anayejiuliza kama amefunga mlango. Akajiambia atampigia jioni amweleze vizuri. Kisha akakumbuka kwamba ripoti haijatoka na ni marufuku kuizungumza nje, na jioni kulikuwa na nguo za kupiga pasi. Hakumpigia.

Vita vilizuka kabla mwezi haujaisha. Daraja lilifungwa siku ya kwanza, na simu za ng'ambo zikakatika siku hiyohiyo. Kamusi alipiga namba ya mdogo wake mpaka akaikariri ile sauti ya mwanamke anayesema mteja hapatikani. Baadaye gari la televisheni lilimfuata, akapakwa poda, akaketishwa chini ya taa, akaulizwa kama taasisi iliyaona haya mapema. Akasema ripoti yao ilionyesha kuwa hali ni tete. Alizungumza bila kukwama hata mara moja.

Mama yake, ambaye aliishi naye, alikuwa ameyatazama mahojiano yote akiwa amesogeza kiti karibu kabisa na televisheni.

"Umeongea vizuri," alisema. "Mdogo wako amepiga?"

"Bado, mama."

"Wewe si ulikuwa unayajua haya? Hukumwambia aje?"

"Alikuwa na kazi za watu."

Mama alimtazama, akageukia televisheni ambayo sasa ilikuwa inatangaza sabuni. Kamusi akaenda kuosha vyombo. Alisimama kwenye karo akiyasubiri machozi. Alimwaza mdogo wake, akamwaza yule mtoto na meno yake ya mbele yaliyong'oka, akajibonyezabonyeza moyo kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno anavyojigusa shavu. Hakusikia chochote. Akasuuza sahani, akazipanga.

Wiki iliyofuata wizara iliandika kuishukuru taasisi, na mkurugenzi akaagiza keki. Wafanyakazi wote walikusanyika chumba cha mikutano, vikombe mkononi.

"Wenzetu wa taasisi nyingine waliandika haiwezekani," mkurugenzi alisema, uso unang'aa. "Leo wanatafuta pa kujificha. Sisi tuliandika haielekei. Robo ile, ndugu zangu, ndiyo imetuheshimisha. Makofi kwa Kamusi!"

Wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Makasi. Kamusi alikuwa anainamisha kichwa kushukuru simu yake ilipotetemeka. Namba hakuijua. Akatoka kwenye korido, akauvuta mlango nyuma yake.

"Shikamoo dada."

Aliegemea ukuta. "Uko hai," alisema.

"Niko hai. Tuko hai wote watatu. Tupo shuleni, huku juu, madarasa yamejaa watu. Karakana imeungua. Hii simu nimeazima, mtandao umerudi leo."

"Mdogo wangu, nisamehe. Siku ile niliposema vile—"

"Aa, dada, acha hayo. Nani anajua ya kesho?" Kisha akashusha sauti. "Ila kuna jambo nikwambie. Siku ile nilipokata simu nilitoka nje. Majirani walikuwa wanapakia gari, hata magodoro wameshafunga. Nikawaambia, dada yangu ndiyo kazi yake, serikali yenyewe inamsikiliza, na amesema haielekei. Wakashusha. Mtaa mzima ulishusha, dada. Mpaka wa mtaa wa nyuma walikuja kuniuliza, nikawaambia hivyohivyo."

Mle ndani watu walicheka kitu, keki ilikuwa inakatwa.

"Na wote mko hapo?" Kamusi aliuliza.

"Waliofika wapo hapa."

Hapo ndipo ilipomuuma. Alijikuta amekaa sakafuni na sketi yake ya ofisi, mkono umeziba mdomo. Alilia kama mtoto, na mdogo wake akamsubiri.

"Dada, usilie, salio la watu hili linakwisha. Sikiliza. Kuna njia ya kupita mlimani, wengine wanasema iko wazi, wengine wanasema tubaki hapahapa. Wamebishana tangu asubuhi. Ndipo wakasema nikuulize wewe. Usikate, naweka spika."

Akasikia watu wakinyamazishana. Benchi likaburutwa. Mtoto fulani aliambiwa ashike adabu, mtu mkubwa anataka kuongea.

"Haya dada, ongea. Tunakusikia."

"Nilikosea," Kamusi alisema. "Mlitakiwa muondoke. Nilijua mnatakiwa kuondoka, na sikusema."

Upande wa pili ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole, ya mtu asiyetaka kumchosha mwenzake.

"Tumesikia, mwanangu. Sasa tunaomba utuambie, hiyo njia tuishike au tusiishike?"