Kadi za Mzee Sekunde

Miaka thelathini na minne iliyopita, setilaiti ndogo ya hali ya hewa ilipotea angani, na lawama zote zikamwangukia mtu mmoja. Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye kadi saa kamili ambayo setilaiti ilipita juu ya kituo chao. Kwa umakini wake, wenzake walimbandika jina la Mzee Sekunde hata kabla hajaota mvi. Uchunguzi ukasema saa zake zilikuwa na kasoro, ndiyo maana antena ikaelekezwa mahali pasipo na kitu. Akafukuzwa. Akamwapia mkewe kwamba kadi zake ni safi, na mke huyo akaingia kaburini akiamini hivyo.

Binti yao alisomea hesabu za anga kwa ajili hiyo tu. Akaajiriwa kituo kilekile, akapewa dawati karibu na choo, pamoja na orodha ya vitu vinavyoizunguka dunia bila kujulikana ni nini. Kazi yake ikawa kuvitafutia majina.

Daktari alipoacha kuzungumzia miezi na kuanza kuzungumzia wiki, kwani figo za mzee zilikuwa zimechoka, ndipo binti alipopata alichokitafuta. Kituo cha nchi nyingine kilileta madaftari yake ya zamani, na humo mlikuwa na kitu kisicho na jina, kilichoonekana siku zilezile za msiba ule. Alikifuata mwaka hadi mwaka mpaka akaangukia namba ishirini na tisa kwenye orodha yake. Kimo kilekile, njia ileile. Setilaiti ya baba ilikuwa bado inazunguka, bubu.

Alishuka stoo mbio, akavuta boksi la kadi na kuanza kulinganisha. Hadi tarehe kumi na moja, kadi na madaftari vilikubaliana sekunde kwa sekunde. Kuanzia tarehe kumi na mbili, kila kadi ilichelewa dakika mbili. Kila kadi! Akarudia hesabu, akarudia tena, akilitafuta kosa lake mwenyewe kama aliyeangusha pete chooni. Hakuliona.

Akampigia simu kaka yake, fundi wa mafriji.

“Usimwambie,” kaka alisema. “Sema hujaipata.”

“Siwezi kuisajili bila kuambatisha kadi kama ushahidi.”

“Basi usiisajili! Imekaa miaka yote hiyo bila jina, imepungukiwa nini? Anayekufa ni mzee, dada.”

Binti alirudi nyumbani mchana ameshaamua kudanganya. Lakini baba yake alimsoma usoni tangu mlangoni.

“Umeipata.”

“Nimeipata, baba.”

“Na kadi zangu?”

Akauficha nyuma mkoba wenye kadi na nakala za madaftari. “Kesho nitarudia hesabu.”

“Lete hapa. Na penseli.”

Mzee akaegemea mito, akapitia mstari mmoja mmoja. “Kumi na moja, safi!” alicheka. “Wale wajinga wako wapi leo?” Kisha penseli ikasimama. Akarudi juu, akashuka tena.

“Hesabu zako mbovu. Nani alikufundisha kujumlisha?”

“Wewe, baba.”

Akajumlisha upya mwenyewe mpaka chai ikapoa mezani. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

“Umeme ulikatika siku ile. Saa ya ukutani ikasimama. Niliirudisha kwa kukisia, nikidhani nimekosea sekunde chache tu.” Ghafla akamshika mkono. “Zichane. Nakuomba, mwanangu. Nani atajua?”

Maishani mwake binti hakuwahi kumsikia baba akiomba kitu. Akazikumbatia zile kadi, machozi yakimtiririka. “Siwezi, baba. Nisamehe.”

Mzee akamwachia mkono, akageukia ukuta.

Binti aliisajili setilaiti Jumatano, kadi zikiwa zimeambatishwa. Ofisini walipiga makofi, mkuu wa kitengo akawanunulia soda. Binti akaiacha yake dawatini ikiwa imejaa.

Siku zilizofuata mzee aliongea na mwanawe wa kiume, akaongea na muuguzi aliyekuja nyumbani, hata akatania kidogo kuhusu sindano. Kwa binti yake, hakutamka neno. Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, kaka mtu akiwa amemshika mkono. Dada alikuwa nje ya chumba, kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu kila alipoingia mzee alifumba macho.