Presha ya Saa Nane

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sebuleni, pini nne mdomoni, akipima upindo wa gauni jeupe la nesi alilovaa mwanafunzi wa uuguzi, wakati mzazi wa kitanda cha sita alipoingia. Ilikuwa saa nane kamili mchana. Alivua kandambili mlangoni, akasalimia watu wote, akakaa kwenye kiti cha dirishani na kukunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa amefariki siku tisa zilizopita.

Shangazi alimtazama, kisha akamtazama mwanafunzi.

"Mgeni wako?"

"Mgonjwa wangu. Marehemu."

"Basi mgeuzieni feni, katoka juani."

Nyumba ilikuwa imejaa. Mahafali ya uuguzi yalibaki wiki mbili na ndugu walikwisha kuanza kuingia na mabegi, kila mmoja akidai kwamba ndiye aliyemwona mtoto ana moyo wa huruma tangu akiwa anatambaa.

"Simama wima, Nesi," fundi alisema kupitia pini zake. "Ukiinama, upindo utapanda upande mmoja, watu waseme unachechemea."

"Saa nane hii," marehemu alisema taratibu, "hukunipima."

Ilikuwa kweli. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda thelathini na vinne na kipimo kimoja cha presha, na hicho kimoja kilishinda chumba cha upasuaji kwa kuazimwa. Lakini chati zilitakiwa zijazwe kila baada ya saa mbili, na mkuu wa wodi, aliyeitwa Sista Saa kwa ajili hiyo, hakuvumilia chati yenye tundu. "Jaza, mwanangu," alikuwa akisema, "daktari anapita. Mia na ishirini kwa themanini. Nani aliwahi kugombana na mia na ishirini kwa themanini?" Wauguzi waliita hilo kupika. Wa asubuhi walipika, wa jioni wakapasha moto.

Siku ile mzazi wa kitanda cha sita alikuwa amejifungua jana yake. Alimshika mwanafunzi mkono akamwambia kichwa kinamuuma sana na anaona vinyota. Mwanafunzi alimweleza Sista Saa. "Mzazi gani asiyeumwa kichwa?" Sista alijibu. "Mtoto kalia usiku kucha." Mwanafunzi akajaza chati. Saa nane na nusu mzazi alianza degedege, na kabla ya saa tisa alikuwa amefunikwa shuka. Chati yake ilikuwa safi kabisa.

Sasa mwanafunzi alifungua kabati, akatoa kipimo cha kujifunzia alichoazimwa na chuo, akamfunga marehemu mkanda na kusikiliza. Mia na tisini na sita kwa mia na ishirini na nne.

"Hiyo si presha," alisema jirani yao, Mama Redio, ambaye habari haikuwahi kulala kwake. "Hiyo ni namba ya basi."

Mwanafunzi aliiandika kwenye daftari. Marehemu alishukuru, akashusha mkono wa gauni, akaondoka. Kesho yake alirudi saa ileile, na namba ilikuwa ileile. Ikawa hivyo kila siku. Shangazi alizoea kuwaambia wageni kile kiti cha dirishani kina mwenyewe. Mama Redio, kwa kuwa kipimo kilikuwa tayari kimetoka kabatini, alileta nusu ya mtaa nao wapimwe, na marehemu, ambaye alikuwa na adabu zake, alisubiri zamu.

Siku ya sita alifika mama mzazi wa marehemu, habari imemfikia, amembeba mjukuu. Alimwekea binti yake mtoto mapajani.

"Umekonda," alimwambia.

"Ananyonya nini?" marehemu aliuliza.

"Maziwa ya kopo. Anayapokea."

Kisha akamgeukia mwanafunzi. "Kule walinionyesha karatasi, mwanangu. Wakasema presha yake ilikuwa nzuri mpaka mwisho. Ilikuwa nzuri?"

Kila mtu mle ndani alijua habari za kitabu cha vitendo: kazi arobaini na moja, arobaini zimesainiwa, imebaki moja, kupima na kurekodi presha ya mzazi. Saini iliyobaki ilikuwa ya Sista Saa. Bila saini hakuna mahafali, hakuna kiapo, na barua ya ajira iliyokwisha kutoka, ya wodi ileile, ingekwenda kwa mwingine.

"Mungu wangu, sema tu hujui," shangazi alinong'ona.

"Haikuwa nzuri, mama," mwanafunzi alisema. "Sikuipima. Niliiandika."

Yule mama alimchukua mjukuu kutoka mapajani mwa binti yake.

"Basi twende ukawaambie."

Kamati ya hospitali ya kuchunguza vifo ilikutana Alhamisi. Langoni mlinzi aliwaandikisha wote, na kwenye sehemu ya sababu ya kuja, marehemu aliandika: kufuatilia. Mwenyekiti wa kamati, daktari mpole mwenye miwani, aliwapa viti, akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Kipimo kilichotumika kina namba ya hospitali?"

"Hakina. Cha kwangu nilikatazwa kukiingiza wodini kwa sababu hiyohiyo."

"Ndiyo. Basi hatuwezi kukitambua."

"Lakini mwenyewe huyu hapa," mama mtu alisema. "Mpimeni."

Wote waliona hilo ni la haki. Mtu alitumwa kufuata kipimo, akarudi na jibu kwamba kiko chumba cha upasuaji. Walingoja. Mtoto alipata kwikwi, bibi yake akamgonga mgongoni taratibu. Marehemu alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni, ameulaza juu ya meza. Ilipogonga saa nane, Sista Saa, aliyekaa pembeni ya mwenyekiti, alivuta chati na kuandika mia na ishirini kwa themanini. Katibu akaingiza kwenye kumbukumbu.

"Hamjampima!" mwanafunzi alisema.

"Binti," mwenyekiti alisema, "hakuna aliyesema amepimwa. Tumesema imerekodiwa." Alimshukuru marehemu kwa kufika na kumshauri, kwa tahadhari tu, apunguze chumvi.

Nje, mama mtu alimwambia binti yake waende nyumbani. Marehemu alimbusu mtoto utosini. "Tangulieni," alisema. "Bado sijamaliza."

Sista Saa alimkuta mwanafunzi kwenye ukumbi, ameegemea ukuta.

"Lete kitabu chako."

Mwanafunzi alidhani kitachanwa. Sista alikiweka juu ya goti lake lililovimba, akasaini pale palipobaki.

"Kupima unajua. Nimeona daftari lako."

"Sista, aliniambia kichwa kinamuuma."

"Na wangu wa kwanza aliniambia hivyohivyo." Alifunga kalamu. "Kwangu mimi huwa wanakuja saa kumi. Nimewatengea chumba cha watoto, kwa kuwa watoto wameoa."

Mahafali yalifanyika. Gauni lilimkaa vizuri mbele na nyuma, shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na kwenye picha ya familia marehemu alisimama mwisho kushoto, kwa kuwa Mama Redio alisisitiza kwamba huyo naye ni mtu wa nyumbani.

Jumatatu nesi mpya aliripoti kazini. Alikuwa ameapa moyoni kwamba yeye hatapika. Siku hiyo kipimo kilirudi kutoka upasuaji saa nane kasoro robo, naye alikimbia nacho kitanda kwa kitanda, akapima wazazi kumi na mmoja. Kisha sauti ya daktari ikasikika mlangoni. Sista Saa alimwekea tu mbele yake chati ishirini na tatu zilizobaki, na kalamu juu yake.

Ijumaa jioni, aliporudi nyumbani, alikuta benchi sebuleni.

"Nimeliazima kwa Mama Redio," shangazi alisema huku akiepua sufuria. "Huyu wako leo amekuja na mwenzake. Kasichana tu, kanasema kalikuwa kitanda cha ishirini na mbili. Nimewaambia uko kazini, wakasema watangoja."

Walikuwa wamekaa bega kwa bega, kila mmoja amekunja mkono wa gauni.