Paka wa Kumsema Wifi

Paka aliletwa nyumbani kwa Sikujua, hapo Kibiti, akiwa ndani ya kikapu, kwa sababu panya walishaifanya ghala ya mpunga kuwa kwao. Alikuwa mweupe tumbo na miguu, mweusi mgongo mzima hadi kichwani, na weusi ule ulimshukia jicho moja tu. Siku ya kwanza akakamata panya na kumlaza mlangoni, watu wamwone. Kazi aliijua. Kilichobaki ni jina.

Fikirini, mume wa Sikujua, alisema aitwe Kadhi, maana kavaa kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake. Johari, jirani wa ukuta kwa ukuta, alicheka mpaka akakaa chini.

"Shoga, siku Kadhi akiiba samaki jikoni kwangu, nitamshitaki kwa nani?"

Yeye alitaka Pundamilia. Jina refu hilo, paka angekuwa ameshafika Ikwiriri kabla hujamaliza kumwita.

Sikujua aliwaacha waseme. Jina alikuwa nalo tangu paka alipotolewa kikapuni, na hakumchagulia paka. Alimchagulia wifi yake.

Katika ukoo alioolewa, jina halikuwa kitu cha kuitia tu. Boti ya wifi yake Mwanawetu, kule Mbwera, imeandikwa ubavuni Semeni Mchoke, na majirani wa gatini wanajua fika ni wao waliokusudiwa. Fikirini mwenyewe alipewa jina lake ili liwafikie ndugu waliompinga babake asimwoe mamake. Mtu wa ukoo ule akiudhika hapigi kelele. Anatia jina, kisha analiita kutwa, na wa kuguswa aguswe.

Na jina la mtoto wa kwanza hutolewa na shangazi, dada wa baba. Hulificha moyoni, hamwambii hata mumewe, mpaka siku ya saba amnong'oneze mtoto sikioni. Mwaka juzi Sikujua alijifungua binti, na binti hakuifikia siku ya saba. Sheikh alipouliza jina kabla ya maziko, Fikirini alimpigia dada yake, ambaye asubuhi ileile alikuwa ameshapewa habari ya msiba. Simu ilikuwa imezimwa. Mtoto akazikwa bila jina. Mwanawetu hakuja siku ile, wala arobaini. Aliishia kutuma mchele, mfuko baada ya mfuko, kana kwamba Sikujua alikuwa analilia wali.

Sasa, baada ya muda wote huo, alipiga simu kwamba anakuja.

"Paka ataitwa Hukuja," Sikujua akamwambia mumewe wakati wa kula.

Fikirini aliacha tonge sahanini. "Mke wangu, si ndiyo kwanza anakuja?"

"Ndiyo asikie."

"Utalitamka mbele yake?"

"Kwani paka si lazima aitwe?"

Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu. Akilitamka, wifi huenda akaondoka asirudi tena, na Fikirini ana dada huyo mmoja tu. Asipolitamka, itakuwa kama vile mwanawe hakuzaliwa. Alilipima jambo hilo mpaka kichwa kikamuuma, na bado akaamua kulitamka.

Mwanawetu alifika siku mbili baadaye, adhuhuri haijaingia, amekonda, na kikapu cha kamba wakavu mkononi. Sikujua alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za mvua, za mashamba, na za miguu ya mama inayomsumbua. Fikirini akasema anawahi msikitini. Adhana ilikuwa bado kabisa.

Harufu ya kamba ilimtoa paka ghalani. Alikizunguka kikapu, akaona hakifunguki, akapanda mapajani kwa mgeni na kujikunja hapo. Mwanawetu akamkuna shingo.

"Mzuri huyu. Anaitwa nani?"

Vidole vya Sikujua vilisimama juu ya ukili.

"Hukuja."

Kwa mwanamke wa ukoo ule hapakuwa na la kuongeza. Mwanawetu aliendelea kumkuna paka kidogo, kisha mkono nao ukasimama.

"Nilikuja," akasema.

"Wapi, wifi?"

"Nyamisati. Nilishashuka botini, nguo za mtoto ninazo begani, natafuta gari la kuja huku. Ndipo Fikirini akanipigia na habari ya msiba. Nikakaa pale chini gatini. Nikajiuliza, nafika na jina, nampa nani? Nikazima simu, nikapanda boti ileile nikarudi. Haikunijia akilini kwamba mtaliulizia."

"Sheikh aliuliza. Mume wangu akamjibu, hana."

"Hana?" Machozi yalikuwa yameshamtoka Mwanawetu. "Alikuwa nalo, wifi yangu! Ninalo mpaka leo. Niliona haya kuja, na kadiri nilivyokawia ndivyo haya ilivyozidi. Nimekukosea."

Sikujua alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hata kwa matusi. Kwa hili hakujiandaa. Ilimuudhi kwamba huruma imemwingia upesi namna ile, wakati hasira yake aliilea muda mrefu. Aliusukuma ukili pembeni, akaenda kukaa karibu na wifi yake, bega kwa bega, akasogeza mtandio na kumgeuzia sikio.

"Basi ninong'oneze mimi."

Mwanawetu alimshika kisogo kwa mkono mmoja, taratibu, kama ashikwavyo mtoto ambaye shingo yake haijakaza. Akalitamka.

Sikujua alilia kwa sauti kubwa. Johari akachungulia juu ya ukuta, akaona si jambo la kuulizia, akashuka.

Fikirini aliporudi aliwakuta wanachambua kamba wa mchuzi, macho mekundu wote wawili, na paka katikati yao anangojea lake. Alisimama mlangoni akimtazama huyu, kisha huyu.

"Haya," akasema kwa woga, akimnyooshea paka kidole, "mmemwita nani?"

"Paka bado," Sikujua akamjibu. "Mwanao anaitwa Salima."