Kondoo wa Hekalu la Mwezi

Fakhriya aliporudi Nizwa mwaka 1976, baada ya masomo yake Baghdad, alikuja na nguo zake na kibao kimoja cha udongo. Kilikuwa kidogo, chaenea kiganjani, kimejaa alama pande zote mbili, kama kuku kapita juu ya tope. Alipewa na bibi wa Kiiraki aliyempangisha chumba, naye alikirithi kwa babu yake. Fakhriya akakitia kabatini baina ya mashuka, akaanza kazi ya ualimu.

Mamake, Bi Tamima, aliyehamia Oman utu uzima wake kutoka Unguja, hakukijali mpaka siku alipouliza kimeandikwa nini.

"Kondoo, mama. Wasumeri, watu wa kale wa Iraki, walikuwa na makarani wao. Kila mnyama aliyepelekwa hekaluni huandikwa: katoka kwa nani, kapokewa na nani."

"Hekalu la nani?"

"La mwezi. Wakiuabudu."

"Astaghfirullah! Na mimi nasali chumba cha pili!"

"Ni stakabadhi tu, mama."

"Stakabadhi ya sanamu ni ya sanamu."

Wakanuniana. Mwisho Fakhriya akaona bora akitoe. Akawaandikia watu wa makumbusho Maskati, wakajibu kwamba Alhamisi watamtuma mtu. Bi Tamima aliposikia, uso ukamkunjuka, akaanza kuuliza mgeni atapikiwa nini.

Jumatano Fakhriya alirudi kutoka skuli akamkuta mamake kachuchumaa kando ya falaji, ule mfereji upitao nyuma ya nyumba, kanga imerowa mpaka magotini. Mbele yake pana bakuli la maji mazito, rangi ya chai ya maziwa.

"Nilitaka kukitoharisha," alisema Bi Tamima. "Nimpe mgeni wa watu kitu kina najisi? Nimekitia majini kidogo tu, mwanangu. Vyungu vyote si huchomwa?"

Hiki hakikuchomwa. Kilikaushwa juani tu, na udongo uliodumu miaka elfu nne ulikwisha kwa muda wa mtu kutia udhu.

Fakhriya alizamisha mkono bakulini. Tope laini, hata chembe ngumu hamna. Kisha akaona mamake analia kimyakimya, kilio ambacho hajakiona tangu siku walipoondoka Unguja. Akakaa kitako pale pale, akamshika mikono, akamwosha tope vidoleni.

Afisa alikuja kesho yake. Alikula halua, akanywa kahawa, akasikiliza habari yote bila ya kukatiza. Alipouliza kama kumebaki picha, Fakhriya alimletea karatasi aliyoichora kwa penseli likizo moja, akiwa hana kazi.

"Huu upande mmoja," alisema afisa. "Wa pili?"

"Nilisema nitauchora baadaye."

Afisa aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Bi Tamima, nyuma ya pazia, akauliza kama mgeni aongezwe kahawa.