Mapatano ya Watu Wawili

Kabla vita havijamleta ughaibuni, katika mji wa Brooklyn Center, Ildephonse alikuwa akifundisha falsafa katika shule ya sekondari huko Bukavu. Hapa alikuwa na rafiki mmoja tu: Muriuki, nesi mstaafu kutoka Nyeri, aliyefiwa na mke kama yeye. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa ndani ya gari la Muriuki, hita ikivuma, wakiendeleza ubishi wa Wagiriki wa kale kuhusu majina.

"Jina ni mapatano tu," Ildephonse alisema. "Tukikubaliana kuliita jiwe mkate, basi ni mkate."

"Litafune basi, Mwalimu!" Muriuki alicheka. "Jina la kweli hutoka ndani ya kitu chenyewe."

Majira ya baridi Muriuki alipatwa na kiharusi. Sauti ilibaki, majina yakatawanyika. Katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, Richfield, aliomba "kiatu." Akaletewa kiatu, akakitupa, akalia. Ildephonse aliitazama midomo yake iliyokauka, akampa maji.

Muriuki akanywa yote. "Kiatu," alisema, akishusha pumzi.

"Ndiyo. Kiatu," Ildephonse alikubali.

Tangu hapo wakawa wanapatana upya. Dirisha likawa "shangazi," theluji ikawa "shati." Ildephonse mwenyewe aliitwa Wairimu, jina la marehemu mke wa Muriuki. Mara ya kwanza aligeuka kutazama mlangoni. Mara ya pili aliitika.

Fiona, binti wa Muriuki, akamkuta akiitika.

"Anko, unamrudisha nyuma. Mtaalamu wa usemi anamfundisha maneno sahihi, na wewe unamkubalia haya."

"Ninazungumza naye, mwanangu."

"Haya si mazungumzo."

Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka. Baada ya muda akamhamishia babake kwake, Eden Prairie, mbali na mabasi aliyoyajua Ildephonse.

Ildephonse alipiga simu. Fiona akaiweka kwenye sikio la babake.

"Il-de-phonse," Muriuki alisema, polepole, bila kosa, kama mtu anayesoma ubaoni.

"Ndiyo, ni mimi, ndugu yangu."

Alingoja neno jingine. Ilisikika pumzi tu, kisha Fiona: "Umesikia, Anko? Amelipata!"

"Nimesikia. Mpongeze sana."

Alitaka kumwambia kwamba mzee akidai kiatu, wamjaribu kwanza kwa maji. Akaona hapo si mahali pake tena. Akaaga, akaenda kupasha wali wa jana.