Barafu Inayozama

Jumanne, kipindi cha tatu, mwalimu wa historia aliingia maabara na jagi la maji, bakuli la barafu kutoka friji ya ofisi ya walimu, na kitabu cha fizikia alichokuwa amekisoma hadi ukurasa wa kumi na nne. Mwalimu wa fizikia alikuwa amestaafu. Mkuu wa shule alipoipitia ratiba na rula yake, akaona mama huyu wa historia ana vipindi sita vitupu kwa wiki, akavijaza kwa penseli. Vita na mikataba mama huyo alivijua nje ndani. Yeye na fizikia waliachana tangu akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na hakuna aliyelia.

“Barafu ni maji yaliyokazana,” aliwaambia kidato cha nne. “Kitu kikikazana kinakuwa kizito. Kwa hiyo barafu inazama.”

Akatumbukiza vipande vitatu. Vikazama kimoja kimoja, vikatulia chini ya jagi. Wanafunzi arobaini wakaandika “inazama”. Mtunza maabara, mzee mwenye koti jeupe lisilo na vifungo, akafungua daftari lake la vifaa na kuandika: Barafu, inazama, kuanzia leo saa nne na robo. Kisha akaendelea kuosha chupa.

Wiki iliyofuata mwalimu alifundisha kwamba taa inahitaji waya mmoja tu, wa pili ni wa akiba. Taa ikawaka kwa waya mmoja, na mkuu wa shule, ambaye hapendi kitu kilale bure, akachukua nyaya za akiba zote kutundikia mapazia ya ofisini kwake. Baadaye akafundisha kwamba sauti ina mbio kuliko mwanga. Tangu siku hiyo, ndani ya maabara watu walimsikia kwanza, ndipo wakaona midomo yake ikifunguka. Waliokaa nyuma walipata shida kidogo kunukuu, halafu wakazoea.

Mkaguzi alikuja mwezi wa sita. Alishuhudia majaribio saba, yote yakatoka kama mwalimu alivyosema. Akaandika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona darasa ambalo nadharia na vitendo vinaelewana hivyo.

Aliyeleta maneno alikuwa binti wa dada yake mwalimu, aliyekuwa akiishi kwake na kusoma darasa hilohilo. Tangu akiwa na miaka kumi, msichana huyu alitaka kwenda chuo cha ufundi kusomea pampu za maji, na nyumbani hakuna bomba lililovuja ambalo hakulifungua. Jioni moja alisimama jikoni na glasi mkononi.

“Mama mdogo, mbona barafu ya hapa inaelea?”

Mama mdogo aliitazama ile glasi. Uso ukamwaka kwa aibu, na kwa sababu aibu haina subira, akajibu haraka. “Hiyo ni ya nyumbani. Mtihani ni wa shule. Wewe andika nilichokufundisha.”

Usiku huo hakulala vizuri, na kulipokucha alikwenda maabara akiwa ameamua. “Nilikosea jamani,” aliwaambia. “Barafu inaelea. Futeni.”

Akatumbukiza kipande. Kikazama.

“Inaelea kwa nini, Mwalimu?” kiranja akauliza kwa adabu.

Hakujua kwa nini. Alipekua kitabu, sentensi zikampita juu ya kichwa. Barafu ikabaki chini ya jagi ikisubiri sababu, mpaka ikayeyuka hukohuko kengele ikilia.

Akaenda moja kwa moja ofisini. “Mkuu, naomba atafutwe mtu aliyesomea fizikia. Mimi nawapoteza watoto wa watu.”

“Unawapoteza wapi?” Mkuu wa shule alimsogezea ripoti ya mkaguzi. “Mwalimu ni mwalimu, mama. Wewe unajua kufundisha. Kinachofundishwa kitajipanga chenyewe.”

“Kinajipanga ndani ya maabara tu.”

“Basi tatizo liko nje,” alisema mkuu, akaifunga faili.

Mtihani wa taifa ulifanyika ukumbini, ng’ambo ya uwanja. Kila meza ilikuwa na glasi ya maji na kipande cha barafu, na swali la kwanza lilisema: eleza unachokiona. Barafu ilielea. Watahiniwa waliingoja izame, hawakuwa na papara, na wachache waliisaidia kwa kidole. Dakika tano kabla ya muda kwisha, wote wakaandika.

Matokeo yalipotoka, fizikia hakupita hata mmoja. Chuo cha ufundi kilimwandikia binti wa dada barua fupi ya kumtakia heri kwingineko. Mama mdogo aliisoma mara mbili, akiwa amesimama mlangoni na mkoba bado begani.

“Si uliiona inaelea?”

“Niliiona.”

“Sasa mwanangu, ukaandikaje inazama?”

“Ningeandika inaelea, ingekuwa nimesema wewe muongo.” Msichana alisema hivyo bila kinyongo, akaenda kukaza bomba la jikoni. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, akalia bila kujificha.

Kesho yake alibisha tena ofisini, barua mkononi. Mkuu wa shule alimpokea kwa furaha, akamvutia kiti. Alikuwa anamtafuta. Mwalimu wa baiolojia alikuwa amehamishwa, akaondoka na kitabu chake, na rula ilikuwa imeonyesha vipindi vinne vya somo hilo vimebaki vitupu. Kuhusu fizikia, alisema, watoto wa siku hizi hawazingatii.

Jumatatu mwalimu akasimama mbele ya kidato cha tatu. Mtunza maabara alikuwa ameshafungua ukurasa mpya na kalamu ameishika.

“Leo tunaanza na moyo wa binadamu,” sauti yake ikasema, na midomo ikafuata. “Moyo una vyumba…”

Vitatu, au vinne? Mara ya mwisho kusikia habari hizo alikuwa na miaka kumi na sita.

Wanafunzi arobaini na wawili waliweka mkono kifuani, wakangoja.

“Usiwe na haraka, Mwalimu,” akasema msichana wa dawati la mbele. “Fikiria tu vizuri.”