Aliyetangulia Lenaka

Kopo la kwanza lilipotoka chini ya rundo la mawe, nilijifanya nashangaa. La pili lilipotoka, sikuhitaji kujifanya.

Tulikuwa juu ya Lenaka, kilele kinachotenganisha Free State yetu na KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 1996. Ofisa alikuja kutafuta jina la mtu wa kwanza kupanda, liandikwe kwenye kibao cha shaba. Vitabu vilimtaja Mwingereza mmoja, 1938. Lakini bwana yule alivutwa kwa kamba na wapagazi wawili: baba yangu Motlalepula, Msotho, na baba wa Khanyile, Mzulu; Khanyile mwenyewe alikuwa nasi pale juu. Nani alikanyaga kwanza? Baba alikufa akibishania hilo, nami niliapa jina lake litasomwa pale.

Basi wiki moja kabla, nilipanda peke yangu nikafukia kopo la ushahidi. Kila apitaye hulitemea jiwe mate akaliongeza kwenye rundo. Hakuna mwenyeji anayeondoa. Nilijua atakayefukua ni ofisa tu.

Ofisa akafungua kopo langu, akasoma. "Ntate," akaniita kwa heshima, "mzee wako aliandika mwaka 1938, nyuma ya kalenda ya 1995?"

"Alikuwa mtu wa kuona mbali," nikasema.

Khanyile akacheka mpaka akakaa chini. Ofisa akafungua kopo la pili, la Khanyile: barua ya marehemu baba yake, na chini yake namba ya simu ya Khanyile mwenyewe.

"Cheka sasa, mwongo mwenzangu!" nikamwambia.

Chini kabisa ya rundo palikuwa na kibuyu kidogo cha ugoro, kimezungushiwa shanga. Tulishuka nacho hadi kwa nkgono, mama yake baba, aliyekuwa na miaka tisini na tano na masikio ya sungura.

"Kibuyu changu! Nilikiangusha nikimfukuza Puleng, yule mbuzi mwendawazimu. Nilikuwa bibi harusi, baba yako hajazaliwa."

"Nkgono! Miaka yote baba anagombana na watu, ukanyamaza?"

"Mlikuwa mkiuliza habari za wanaume."

Ofisa akatoa kalamu. "Nkgono, jina lako niandike vipi?"

"Langu la nini? Nilimkuta Puleng kasimama juu, anatafuna. Andika haki."

Akafungua kibuyu, akanusa, akapiga chafya.

Kibao chenye jina la Puleng kipo mpaka leo. Mimi na Khanyile tulitia sahihi kwenye karatasi za ofisa kama mashahidi, safari hii kwa tarehe ya kweli. Na mpaka magoti yangu yalipogoma, nilipanda kila mwaka na mawe mawili: moja la baba, na moja, kwa adabu, la mbuzi.